Mzunguko Mmoja wa Kombeo: Safari ya Tanga hadi Durban

Kabla ya kuanza, natenganisha. Niliyoyaona kwa macho yangu mjini Durban ni machache: kamba, jiwe, mtu aliyelirusha na mahali jiwe lilipogonga. Niliyoyasikia ni mengi, na kila nitakapoyataja nitasema kwamba ni ya kusikia. Yako pia niliyoyasoma. Haya, kwa miaka thelathini, niliyaweka kundi moja na niliyoyaona. Sasa nayaweka peke yake, na msomaji ataijua sababu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia, mkazi wa Tanga. Tangu nikiwa kazini nimekuwa nikiandika kitabu kimoja tu, kinachohusu kombeo katika vita vya zama za kati. Sisemi manati, ile panda ya mti yenye mipira. Nasema kombeo: kamba mbili na kikoba cha kuwekea jiwe katikati, silaha ambayo vitabu vinasema majeshi ya Hispania yaliendelea kuitumia hata pale wapanda farasi walipokwisha kuvaa chuma. Mwezi wa Mei, safari hii ilipoanza, mswada wangu ulikuwa kwa mchapishaji wa Dar es Salaam. Nilibakiwa na wiki tatu za kurudisha nakala ya mwisho ya masahihisho.

Ndipo Zuhura, binti wa dada yangu, mwenye saluni Overport mjini Durban, aliponitumia video. Ilimwonyesha Mkongo mmoja, fundi wa simu, akirusha jiwe kwa kombeo uwanjani huku wanafunzi wa chuo kikuu wakiandika kila alichosema. Chini yake Zuhura aliandika: "Mjomba, huyu ni jirani yangu wa duka. Wanamwita mtaalamu." 

Nililisoma neno hilo mara kadhaa. Mtaalamu! Mimi hakuna chuo kilichowahi kuniita kwa mhadhara, hata cha hapa nyumbani. Zaidi ya hapo, mtu yule alirusha kwa mzunguko mmoja tu, kando ya mwili, ilhali sura yangu ya nne, iliyo ndefu kuliko zote, inasema mrushaji huzungusha kombeo juu ya kichwa mara nyingi. Kwa sababu hiyo, naeleza humo, hakuweza kusimama safuni bega kwa bega na wenzake, na majemadari waliwatawanya warushaji pembeni mwa jeshi. Mzunguko mmoja ukitosha, sura nzima inaanguka. Lakini video si ushahidi, kwani hukatwa na kuunganishwa. Niliamua kwenda, na sitamficha msomaji kwamba nilikwenda nikitumaini kumkuta mtu huyo ni mwongo.

Jumatatu asubuhi niliondoka Tanga kwa basi, na Jumanne nilikuwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam. Begani nilikuwa na kombeo langu la katani, nililosukiwa na fundi wa Muheza, na mkobani mawe sita ya mviringo niliyoyaokota mtoni na kuyapima uzito. Afisa wa ukaguzi aliyatoa moja moja na kuyapanga mezani.

"Mzee, haya ni nini?"

"Mawe."

"Mawe naona. Unayapeleka wapi?"

"Afrika Kusini."

"Kwani kule yamekwisha?" akauliza, na foleni yote nyuma yangu ikacheka. Mawe yakabaki Dar es Salaam. Kombeo likapita, maana afisa alidhani ni kamba ya kufungia mzigo.

Jumatano, saa mbili asubuhi, nilipanda basi Johannesburg. Ni safari ya mchana karibu wote. Nyanda za majani makavu zilitufuata kwa saa kadhaa, kisha barabara ikateremka kwa mapindi marefu, hewa ikaanza kuwa nzito na ya joto kama ya kwetu. Abiria wa kando yangu alinieleza kwamba makabila ya nyanda hizo nayo yalipigana kwa kombeo. Nilimuuliza aliyaona wapi. Akasema aliambiwa. Nikageukia dirishani.

Overport nilifika jioni. Zuhura alinipokea mlangoni mwa saluni, sega likiwa bado nyweleni mwa mteja.

"Shikamoo, mjomba! Karibu, jamani, umechoka!"

"Marahaba. Yuko wapi mtu huyo?"

"Hata maji hujanywa!"

"Maji nitakunywa. Yuko wapi?"

Alikuwa mlango wa pili. Byamungu, kama alivyojitaja, ni mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, mzaliwa wa milima ya Kivu. Aliondoa kioo cha kukuzia jichoni, akasimama, akanipa mikono yote miwili.

"Papa, karibu sana. Zuhura amesema weye ni profesa wa kombeo."

"Ni mwalimu. Profesa ni cheo kingine."

"Bon, mwalimu. Mimi sina cheo. Nilikuwa tu nafukuza ndege ku shamba ya bibi."

"Ulijifunza kwa nani? Kwa kitabu gani?"

"Kitabu?" Alicheka bila dharau, jambo lililoniudhi zaidi. "Ndege ilikuwa inakula mtama, na bibi alikuwa ananipiga mie. Njo vile nikajifunza."

Nilitaka kumchukia na sikupata pa kushika. Alinitafutia kiti na kunipa chai. Hata hivyo, katika muda wa kikombe kimoja watu watatu walipita mlangoni wakamsalimu kwa jina. Mimi Tanga nasalimiwa na muuza magazeti tu.

Jumamosi, saa nne asubuhi, Zuhura alitupeleka kwa gari hadi Glenwood, mtaa wa nyumba za zamani uliojaa vyumba vya wanafunzi. Kila robot tuliposimama, ndivyo waitavyo taa za barabarani, Byamungu alinieleza jina la mtaa, na mimi nilijifanya nasoma. Uwanja ulikuwa wa nyasi fupi, wenye stoo ya bati upande mmoja na tumbili wawili juu ya uzio. Wanafunzi wapatao kumi walitungoja. Kiongozi wao, Otieno, Mkenya anayeandika tasnifu kuhusu silaha za kale, alikuwa amepata kofia ya chuma, nakala ya zile za zama za kati, akaivika juu ya nguzo. Nilipima umbali kwa miguu yangu: hatua arobaini na tano.

"Mwalimu, shikamoo," Otieno alisema. "Tumesikia una kitabu."

"Marahaba. Kitabu hakisikiwi, husomwa."

Byamungu alilipokea kombeo langu, akalipitisha vidoleni, akalinusa.

"Papa, hii kamba haijaonja jasho. Haijabeba jiwe hata siku moja, ao?"

"Ni ya kumbukumbu."

"Kwa mjomba huwa imening'inia sebuleni, juu ya redio," Zuhura alisema, akidhani ananisaidia.

Nilisema nitaonyesha kwanza namna ilivyo sahihi. Niliweka jiwe, nikaanza kuzungusha juu ya kichwa: mara moja, mbili, tano. Wote walirudi nyuma, wengine kwa mbio.

"Mnaona?" nilisema nikiendelea kuzungusha. "Mmenipisha. Ndivyo nilivyoandika: mrushaji huhitaji nafasi kubwa."

"Papa, tumekimbia sababu hatujui jiwe itaenda wapi!" Byamungu akasema.

Nikaachia. Jiwe lilikwenda nyuma yangu na kutua juu ya bati la stoo kwa kishindo, na tumbili wakatoweka. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Byamungu akachukua nafasi yangu. Nilimwambia waziwazi kwamba kurusha peke yake uwanjani hakuthibitishi lolote. Kama mzunguko mmoja unatosha, basi na arushe akiwa safuni, mtu kulia na mtu kushoto, bega karibu na bega.

"Nani atasimama?" Otieno akauliza.

"Mimi, upande wa mkono wake wa kurushia."

"Mjomba, una miaka sabini na moja!" Zuhura akapaza sauti.

"Ndiyo maana. Nimekwisha kuitumia."

Otieno akasimama kushoto. Byamungu alinitazama. "Papa, usitikisike. Ukitikisika, bibi atakuja kunipiga tena." Kombeo lilining'inia kando ya mguu wake. Nilisikia upepo mkali sikioni, kisha mlio wa chuma kutoka mbali. Wanafunzi wakapiga kelele za furaha.

"Umeona, mwalimu?" Otieno akauliza.

Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema uongo kwa njia mbili: kwamba niliona, ili nionekane jasiri, au kwamba jiwe halikugonga, ili kuiokoa sura yangu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimefumba macho.

"Sikuona," nilisema. "Nilifumba macho. Nilichonacho ni sauti tu, na sauti ni jambo la kusikia. Arudie."

"Eish, Papa!" Byamungu akaguna, akaokota jiwe jingine.

Mara ya pili nilishika kiuno na kuyakodoa macho. Mkono ulishuka nyuma, ukapanda mara moja sambamba na mwili kama mtu atupaye mkuki, na kamba haikunigusa. Jiwe lilikwenda chini chini, kwa kasi nisiyoitegemea, likagonga kofia juu kidogo ya usawa wa jicho. Nilitembea hadi kwenye nguzo, nikatia kidole gumba katika bonde lililobonyea chumani. Gumba langu lilizama hadi mwanzo wa ukucha.

Nilimwonea wivu. Sikumwonea wivu kwa shabaha yake tu. Mtoto aliyefukuza ndege alijua kabla ya kubalehe jambo ambalo mimi nililitungia kurasa arobaini kinyume chake, nikitegemea michoro ya wachoraji ambao huenda nao hawakurusha jiwe maishani. Nami ndiye niliyemdharau abiria wa basi la Johannesburg kwa kusema ya kuambiwa!

Tulipoketi nyasini kunywa soda, Byamungu alisema kwamba babu yake alimwambia kombeo lilitoka Kivu ndipo likaenda Ulaya. Wanafunzi wakainamia madaftari. Naungama kwamba nilifurahi kama mtu aliyeona maji jangwani.

"Futeni," nikaamuru. "Babu alilishuhudia hilo? Kombeo linatajwa katika maandishi ya kale sana ya nchi nyingi."

Byamungu hakuudhika. Alisogea karibu. "Kumbe? Bale batu ba zamani, walikuwa wanarusha kwa nini? Nao walikuwa na ndege?"

Nikamweleza niliyoyasoma: wachungaji walioitwa vitani, mawe yaliyotupwa kutoka kwenye kuta za miji iliyozingirwa, kombeo la mpini lililotupa jiwe kubwa kuvuka ukuta. Alisikiliza hadi soda yake ikapata joto la jua. Mwishoni alisema, "Donc, basi, sikuwa peke yangu." Kisha akasema, "Mwalimu, hii yote iko ku kichwa yako, na miye nilikuwa natupa mawe tu." Alisema kwa husuda iliyo wazi, naye hakuificha. Niliitambua mara moja, maana nilikuwa nimesafiri nayo toka Tanga.

Jumapili nilipiga simu Dar es Salaam, nikaomba sura ya nne itolewe. Mchapishaji alisema nikiitoa, kitabu hakitaingia mtamboni mwaka huu, na kwa umri wangu nifikirie vizuri. Nilimjibu kwamba nimefikiri.  Zuhura, aliyekuwa akisikiliza, alinimiminia chai.

Jumanne niliondoka Durban. Byamungu alifika kituoni, akanishika mikono yote miwili kama siku ya kwanza. "Sharp, Papa," akaniaga kwa neno la huko. "Ukiandika, usinipe cheo."

Nimejifunza kwamba asiyeamini ya kusikia anaweza kudanganywa na ya kusoma, na kwamba wivu humfikisha mtu mbali, hata kwenye ukweli alioukimbia. Hayo ni maoni, na msomaji anaweza kuyakataa. Lakini hili nalithibitisha mwenyewe: Alhamisi, mezani kwangu Tanga, nilianza upya sura ya nne, na juu yake niliandika jina la Byamungu kuwa shahidi wa kwanza. Nililiandika mara mbili, kwa kuwa mara ya kwanza wivu ulinifanya niliandike kwa herufi ndogo mno.