Taa Ilikuwa Nzima

Nilianza kwa kuilaumu taa.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu. Ilitengenezwa Japani kwa ajili ya mbio mwanzoni mwa miaka ya sabini, silinda mbili, tangi la rangi ya chungwa, na usukani ulioinama hata mpandaji akalazimika kulala kifudifudi juu yake kama mtu anayesikiliza moyo wa mgonjwa. Mimi niliipata katikati ya miaka ya themanini, ikiwa imekwisha kupita mikononi mwa watu kadhaa, na chumvi ya bahari imeshautafuna mdomo wa ekzosi. Lakini ilipopigwa kiki ikaitika, ikatema ule moshi wake wa samawati wenye harufu ya oili inayoungua, sikuwa na haja na kitu kingine duniani.

Nilikuwa mwalimu katika shule moja ya Mnarani, ng'ambo ya feri ya Kilifi, na nyumbani kwetu ni Malindi, kwa mama yangu. Asubuhi nakwenda, jioni narudi. Riwaya yangu ya kwanza niliitunga juu ya pikipiki ile, sentensi baada ya sentensi, nikizisema kwa sauti ndani ya kofia ngumu kutoka Gede hadi Tezo.

Jioni moja nimeshaipita Matsangoni, pale barabara inapoanza kukumbatiwa na msitu, nikaona taa haimuliki. Haikuwa imezimika. Ilikuwa ikiwaka, ila mbele yangu palibaki kiduara cha lami kisichozidi sinia ya pilau, na nje ya sinia hapakuwa na dunia.

Nikabadilisha balbu. Nikabadilisha betri. Nikang'oa waya wote, nikaweka mpya. Aliyenisaidia ni yule aliyeniuzia, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Babu yake alitoka Gujarati akafungua duka la vipuri mjini Malindi, na yeye mwenyewe hakujua kwao pengine ila Malindi. Siku ya tatu tunahangaika na waya akaniomba ufunguo, akaenda nayo barabara ya Msabaha, magharibi imekwisha kuadhiniwa, akarudi anacheka.

"We bwana, taa hii ikimmulika mwizi ataungama mpaka dhambi za babu yake. Unataka ipi, ya kuongozea meli?"

"Haioneshi pembeni."

"Nimeona macho ya paka juu ya ukuta! Panda nyuma nikuoneshe."

Nikapanda. Akaendesha polepole, ananihesabia mambo ya mtaani: yule pale mama wa viazi karai anafungasha karai lake, yule punda kalala katikati ya njia hana habari, wale wawili wamegombana, tazama alivyomkunjia uso. Nami naitikia nyuma yake, "Eeh. Naona. Kweli." Sikumwona mama, wala punda. Niliona kola ya shati lake.

Taa ilikuwa nzima.

Nilikuwa na mjomba kijijini Ganda, kaka yake mama. Yeye kwanza alipotewa na usiku. Kisha akapotewa na pembeni. Ukimkalia ubavuni hajui kama upo mpaka useme. Kisha vikaenda vyote. Alifunga kamba ya katani kutoka mlangoni hadi kisimani, na nyingine kutoka mlangoni hadi kwenye mihogo, akawa anaishi juu ya kamba mbili hizo. Utotoni nilidhani ni za kuanikia nguo. Nilimwuliza, "Mjomba, mbona kamba zako hazina nguo?" Akacheka sana, akaniita nimshike mkono. Usiku ule, nyuma ya kola ya rafiki yangu, nilikikumbuka kicheko kile nikasikia baridi mwilini, na Malindi hapana baridi.

Nilikwenda Mombasa kwa daktari wa macho. Alinimulika jicho la kulia, akanimulika la kushoto, akaniuliza habari za ukoo wangu. Kisha akaizima kurunzi yake taratibu, akaiweka mezani.

"Hii haina dawa, kijana. Itaendelea. Kitu kimoja nakuomba: usiendeshe tena."

Nikamshukuru. Nikatoka nje, nikavaa kofia, nikapiga kiki.

Sijui niielezeje. Mtu akiambiwa nyumba yake itabomolewa chumba baada ya chumba, haendi kuukabidhi ufunguo siku hiyo hiyo. Anahamia chumba kilichobaki, anajifungia. Mimi chumba kilichobaki kilikuwa mchana.

Tangu siku hiyo safari ya kurudi ikawa mbio, na mshindani wangu ni jua. Kengele ya mwisho ikilia sikuaga mtu. Nilishuka mteremko wa feri nikiomba isiwe imekwama ng'ambo, isiwe na foleni ya malori. Ikigusa gati ya Kilifi mimi wa kwanza kutoka, na toka hapo nalala juu ya tangi, jua liko mkono wa kushoto linashuka nyuma ya minazi, na kila nikilitupia jicho limeshuka zaidi. Watoto wa Tezo walinipigia makofi. Wazee walinitikisia fimbo. Nilikuwa nikifika Malindi anga ikiwa nyekundu, na mama ameshawasha kandili mlangoni kabla hata giza halijaingia. Siku moja niligundua kwamba vigoda vyote vya ukumbini vimeondolewa njiani na kupangwa ukutani. Yule mjomba alikuwa kaka yake. Mambo haya alikwisha kuyaona.

Kisha ikafika jioni ambayo feri ilichelewa.

Nilipotoka Kilifi jua halipo. Nikabahatika kupata lori la nazi, nikajishikiza kwenye taa yake nyekundu ya nyuma. Hiyo niliiona. Ilikuwa nukta moja katikati ya weusi, nami nikaifuata kama roho yangu imefungwa kwayo. Pale Matsangoni nukta ile ikakata kona, ikaingia uani kwa mtu, ikazimika.

Nilisimama. Injini inanguruma vizuri, taa inawaka vizuri, na mimi sijui barabara iko wapi. Nikazima. Nikashuka nikawa nasukuma, nikipapasa ukingo wa lami kwa kiatu, hatua moja lami, hatua moja mchanga. Gari lilipita karibu mno hata shati langu likapepea. Nililia, na sikujizuia, maana nilikuwa peke yangu. Nilidhani niko peke yangu.

"Imekufa, mwalimu?" Sauti ya mwanamume, kando kabisa.

"Imekufa," nikasema.

"Si ndiyo ile ya chungwa?" sauti ya pili ikasema, na harufu ya pombe ya mnazi ikanifikia. "Bwana wee! Kila siku unatupita kama umefukuzwa na majini. Leo wamekupata!"

Walikuwa wagema wawili, ndugu, wanarudi kwao. Hawakuningoja niseme zaidi. Mmoja akashika usukani, mwingine akasukuma nyuma, nami nikashikilia kiti na kujifanya nasukuma huku nikiongozwa. Walinifikisha kwao, wakanipa uji wa mahindi na mkeka. Asubuhi walikuja wote wawili kutazama nitakavyoitengeneza. Nilipiga kiki mara moja. Ikaitika.

Yule mkubwa aliitazama pikipiki, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu.

"Imelala, imepona," akasema. Mdogo wake alicheka. Yeye hakucheka.

Tangu siku ile shuleni nikawa nakwenda kwa basi, na pikipiki ikabakiwa na Jumapili. Jumapili asubuhi tulikutana ng'ambo ya Mnarani, ndani ya shamba la katani, kwenye uwanja wa ndege ndogo ulioachwa. Tulikuwa kama kumi: vijana wa maduka ya Malindi, makarani na mafundi waliotoka bara kufanya kazi hotelini Watamu, na mimi. Tuliweka pipa huku na pipa kule, tukawa tunazunguka kutwa kwa mwendo ambao barabarani ungetutia kaburini. Hatukushindania kitu. Sheria ilikuwa moja, kuomba njia: ukitaka kumpita mwenzako, jisogeze ubavuni mwake, inua kiganja cha kushoto, ungoje atikise kichwa kukuitikia ndipo upite.

Mimi sikuwahi kumtikisia mtu kichwa.

Mwanzoni walidhani ni ukali wa mchezo. "Huyu ana moyo wa jiwe," walisema. "Unamkaribia mpaka magoti yanataka kugusana, hata kope hapepesi!" Halafu sifa ikageuka kejeli. "Mwalimu, hata gari la maiti huliachii njia?" Nami nilicheka nao, nikaichukua sifa na kejeli pia, maana ilikuwa afadhali niitwe mwenye kiburi.

Jumapili moja rafiki yangu alinijia upande wa kushoto tukilikaribia pipa. Baadaye aliniambia kwamba aliinua mkono tangu mbali, akaushikilia, akanipigia na kelele. Mimi nilikuwa na lami mbele yangu, nyembamba, ya kijivu, tupu. Nikakata kona. Nilisikia tu chuma kikikwaruza na mtu akipiga yowe.

Tulimtoa ndani ya mikatani. Miiba ilikuwa imemwingia mkononi mpaka kwenye kiwiko, na damu inamchuruzika, na alikuwa na hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Nimekuomba njia! Nimekuomba njia kama maskini mlangoni! Wewe ni nani usitoe?"

Nilikwenda kukaa kwenye kivuli cha pipa. Nilisikia mwenzetu mmoja akimng'oa miiba, naye akilaani kila mwiba kwa Kigujarati. Macho yangu yalikuwa yametazama mbele, penye ncha za katani zinazometameta juani. Nilikaa hivyo, sijui muda gani.

"Chukua basi," sauti yake ikasema, karibu sana na sikio langu.

Nikageuka. Alikuwa amechutama ubavuni mwangu, amenishikia dafu lililokwisha kukatwa, na maji yake yalikuwa yamemwagikia mkononi mwake, yakichanganyika na damu.

"Nimekushikia muda wote huu," akasema polepole. "Nilidhani umeninunia."

Akalihamishia dafu upande wa pili wa kichwa changu. Nikalipoteza. Akalirudisha mbele, nikaliona. Alifanya hivyo mara mbili, na mara ya tatu hakulirudisha, akaliweka chini.

"Ile taa," akasema.

"Ndiyo."

"Na punda je?"

"Sikumwona punda."

Akajifunika uso kwa mkono wake mzima. Wenzetu walikuwa wanatuita turudi mchezoni.

Pikipiki yangu alirudi nayo yeye. Mimi nilipakiwa nyuma ya mwenzetu mwingine, nimefumba macho njia nzima, ili nizoee. Nyumbani nilijilaza kitandani kutwa, siku nyingi, na mama akiniletea chakula aliniambia tu kilipo: wali mbele yako, mchuzi kulia. Shuleni nikaomba ruhusa. Sentensi za riwaya zilinikatikia, kwa sababu zilikuwa zimezoea mwendo.

Kisha rafiki yangu akaja, bandeji mkononi. Hakukaa.

"Jumapili tutakwenda. Nitakupakia mimi, chombo chako kitaletwa."

"Nikafanye nini?"

"Twende tu, ndugu yangu."

Tulipofika sikusikia injini hata moja. Ilikuwa adhuhuri, jua la utosini, wala kitu hakina kivuli. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Mavi ya mbuzi hayapo, kokoto hazipo. Pikipiki yangu imesimamishwa katikati, imeoshwa kwa maji baridi, tangi linang'aa kama chungwa lililomenywa sasa hivi.

"Leo hakuna atakayekuomba njia," akasema. "Nenda."

Ndipo nilipoelewa kwamba amewaambia wote. Nilitamani kukataa. Nikapiga kiki.

Nililala juu ya tangi nikavuta mafuta mpaka mwisho. Mbele yangu ile lami nyembamba, ya kijivu, tupu, na safari hii ilikuwa tupu kweli. Kwa dakika chache jicho langu na uwanja ule vilitoshana. Hapakuwa na kitu nisichokiona kwa sababu hapakuwa na kitu. Nilipiga kelele ndani ya kofia. Nililizunguka pipa la mbali, nikarudi, nikalizunguka la karibu, nikaenda tena, na kila nikirudi nilijua kwamba wamejipanga kando ya uwanja, labda wanapunga mikono, na sikumwona hata mmoja.

Mwisho petroli ikaanza kuisha, injini ikakohoa. Nikapunguza mwendo, nikasimama mahali nilipodhani wapo, upande wangu wa kushoto. Nikatazama mbele. Nikainua kiganja cha kushoto.

Nilingoja. Injini inaunguruma kwa kusitasita chini yangu, upepo unapita ndani ya mikatani, na mtu hasemi. Bila shaka walitikisa vichwa, wote, kama sheria yetu ilivyokuwa. Lakini kichwa kikitikiswa hakitoi sauti.

"Tumekuitikia, ndugu," rafiki yangu akasema hatimaye, na sauti yake haikuwa na utani hata chembe. "Sote tumekuitikia. Shusha mkono."

Sikuushusha. Ikambidi aje mwenyewe. Akaushika, akaushusha, akauweka juu ya tangi lililokuwa linachoma kwa jua, akaushikilia hapo. Kisha kwa mkono wake wenye bandeji akapapasa chini ya usukani, akazima ufunguo.