Alimeza Zote

Dada yangu alikuwa anakula mawe. Simsengenyi, kila mtu katika laini, zile nyumba za wafanyakazi wa estate ya chai, alijua. Ni yale mawe laini ya rangi ya majivu ambayo akina mama wa kutoka upande wa ziwa waliyaleta kwa magunia na kuyauza kwa mafungu karibu na mfereji wa maji. Wao waliyaita odowa. Dada aliyaficha mfukoni, chini ya aproni ya plastiki, akawa anachuma chai huku anatafuna. Mvua ikianza kupiga vumbi alisimama mlangoni kunusa ile harufu ya udongo mpaka mboga zikaungua jikoni. Nilimcheka sana. Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na nilijiona mtu aliyefika.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Kwetu ni Boito, ambako baba alikuwa na chai yake kidogo na ng'ombe wawili. Dada alinizidi miaka sita. Aliacha shule darasa la saba ili mimi niendelee, na sikumbuki akinitajia jambo hilo hata tulipogombana. Aliolewa na kijana wa Sigor aliyefanya kazi kiwandani, wakapewa chumba kwenye laini za estate upande wa Kericho. Nilipopata kazi kwenye zahanati ya hapo, nililala kwao, nyuma ya pazia.

Kazi yenyewe ilikuwa ya utafiti. Daktari mmoja, mwanamke mrefu asiyependa kelele, alikuja na swali moja ambalo alilirudia mpaka nikalikariri: wanawake wanaochuma chai wanapewa tembe za kuongeza damu, mbona damu yao haipandi? Mimi nilikuwa mtu wake wa kutafsiri Kikipsigis, kutoboa vidole na kuandika. Tone la damu liliingia kwenye kimashine cha betri, namba ikatokea, nami nikaiandika kwenye rejista kubwa mbele ya namba ya mwanamke. Dada alifurahi kuniona na koti jeupe. Akanibandika jina: daktari mdogo.

Siku alipokuja yeye mwenyewe kutobolewa, alikuwa na mimba ya miezi minne na unga mweupe pembeni ya midomo. Daktari aliuona unga huo kabla hajaangalia kitu kingine.

"Mama, unakula mawe?"

Dada aliangalia sakafu.

"Usione haya. Si ulafi. Mwili wako umekosa madini ya chuma, ndio unatafuta kila mahali."

Namba ilikuwa nane, na mjamzito anatakiwa afike kumi na moja. Daktari alinieleza baadaye, akiwa anafuta meza, kwamba damu hubeba hewa kwa kutumia kile chuma, na mtu mwenye damu nane anayechuma chai mlimani kutwa ni kama anapanda mlima huo akiwa amebana pua. Kwa miezi mingi kikapu cha dada kilikuwa kinafika kwenye mizani mwisho kabisa. Msimamizi alikuwa anamwita mvivu mbele ya wenzake, na nyumbani mimi nami nilikuwa nimeanza kusema hivyo hivyo, kwa utani, lakini nikisema.

Tembe ziligawiwa siku ya Jumatatu, kwenye banda la kupimia majani, zikiwa kwenye mikebe midogo. Daktari akasema, nami nikatafsiri: tembe moja kila siku, umeze na maji, si na chai, na chai yenyewe uinywe baadaye kabisa, kwa sababu chai hukishika kile chuma tumboni na kukizuia kisiingie kwenye damu.

Banda zima liliangua kicheko. Mama mmoja mzee aliyekaa mbele, mikono yake myeusi kwa utomvu, aliuliza kama estate imejua kwamba inauza kitu cha kunyonya watu damu. Wakacheka zaidi, na msimamizi akacheka, nami na koti langu jeupe nikacheka pamoja nao. Ukweli ni kwamba sikuamini. Kwetu chai ndiyo iliyotusomesha. Mgeni haulizwi kama atakunywa, anamiminiwa tu. Dawa ya malaria tulimeza na chai, ya minyoo tukameza na chai, na maji matupu yalikuwa ya kunawa. Nilidhani ni maneno ya vitabuni, ya watu ambao hawajawahi kuamka kwenye baridi ya Boito.

Dada hakucheka. Alikwenda nyumbani akameza na maji kama alivyoambiwa. Siku ya tatu alianza kutapika.

"Hii dawa nitaiacha," aliniambia, ameshika ukuta nje. "Inanichoma tumbo. Na yale maji ya mfereji ni baridi kama barafu."

"Usiache. Meza na chai ya maziwa, tumbo litatulia."

"Si mlisema isiwe chai?"

"Nani anafanya kazi kule, mimi ama wewe? Nimekwambia meza na chai."

Nikamchemshia mimi mwenyewe. Maziwa mengi, majani mengi, ikaiva mpaka ikawa nyekundu. Nilimpa mkononi pamoja na tembe, akameza, akangoja kidogo, tumbo likatulia. Akanisifu. Kuanzia siku ile alimeza kila asubuhi na kikombe kikubwa cha chai, bila kuruka hata siku moja. Nilikuwa nyuma ya pazia na nilisikia mkebe ukitingishwa, kifuniko kikizibuliwa, halafu kikombe kikiwekwa mezani. Wiki ya pili alinijia anacheka akaniambia choo chake kimekuwa cheusi kama makaa, je, dawa yetu inampika ndani? Nilimwambia asiogope. Daktari alikuwa ametufundisha kwamba hiyo ni dalili ya mtu anayemeza tembe kweli.

Baada ya miezi mitatu alitobolewa tena. Nilisimama pale na kalamu, nikiwa na uhakika kwamba nitaona kumi, pengine kumi na moja. Ilikuwa nane.

Daktari alirudia kupima. Nane.

"Mama, unameza zile dawa?"

"Nameza, daktari. Kila siku nameza."

"Unatupa?"

"Hapana. Haki ya Mungu nameza."

Daktari alimwangalia kwa muda, si kwa ubaya, ila kwa uchovu wa mtu ambaye amesikia jibu hilo mara nyingi. Akaniambia kwa Kiingereza nimwandike pamoja na wale wasiomeza. Kwenye rejista kulikuwa na safu ya mwisho ambayo tuliandika herufi moja tu. M ilikuwa anameza. H ilikuwa hamezi.

Hapo ndipo nilipoelewa. Chai ilinijia akilini yote, kuanzia sufuria ya kwanza. Nilijua kuhusu choo cheusi. Nilijua sauti ya ule mkebe. Ilinibidi kusema sentensi moja tu: daktari, anameza, ni mimi niliyemwambia ameze na chai. Sikuisema. Niliogopa kufukuzwa, na zaidi ya hapo niliona aibu, aibu ya mtu aliyezoea kusifiwa kwamba amesoma. Nikaandika H.

Dada alikuwa ameketi upande wa pili wa meza. Darasa la saba linatosha kusoma herufi moja hata ikiwa kichwa chini.

Jioni aliniuliza, "Ile H uliyoniandikia ni ya nini?"

"Hemoglobini," nikamwambia. "Ni jina la damu."

Alilijaribu neno hilo mdomoni, likamshinda, akacheka. Kisha nikamwambia, kana kwamba ni jambo dogo, kwamba kuanzia kesho aanze kumeza na maji, na chai aingoje mpaka saa nne. Hakuniuliza sababu. Alinitii kama alivyonitii mara ya kwanza, akarudi kutapika, na kati ya kutapika akameza. Nilikuwa nahesabu wiki zilizobaki. Zilikuwa chache, na hazikutimia.

Uchungu ulimshika kabla ya siku zake, mchana, katikati ya mistari ya chai. Wenzake walimbeba mpaka nyumbani na mtoto akazaliwa pale kabla hatujapata gari. Msichana mdogo, sauti kubwa. Kisha damu haikukoma. Mkunga wa zahanati alifanya alichojua, akasema ni hospitali sasa, na gari lililopatikana lilikuwa lori la kubebea majani. Tulimlaza juu ya magunia matupu, mvua inanyesha kwenye turubai. Haikuwa damu nyingi sana. Mkunga mwenyewe alisema baadaye kwamba amewahi kuona wanawake waliopoteza zaidi ya hiyo na wakaketi kesho yake wakanyonyesha. Dada hakuwa na ya kupoteza.

Nilishika kichwa chake. Midomo yake ilikuwa haina rangi kabisa. Tulipofika kwenye lami alifungua macho akanitafuta.

"Daktari mdogo."

"Niko hapa."

"Mwambie yule mkubwa, nilimeza zote."

Hakusema neno lingine. Mpaka leo sijui kama alikuwa ameelewa ile H tangu siku ya kwanza, akaninyamazia ili nisiaibike. Namjua dada yangu. Nafikiri alielewa.

Tulimzika Boito, kwa sababu mumewe alikuwa hajatoa mahari, na mtoto akabaki kwetu. Daktari alikuja, na viatu vyake vya mjini vikazama kwenye tope la njia ya kwetu. Alimshika mama mikono yote miwili. Hakuwa mtu mbaya, na alisema kile ambacho rejista yake ilimwambia.

"Pole sana, mama. Tulijaribu. Kama angemeza zile dawa, labda angekuwa na nguvu."

Nilitakiwa kutafsiri. Nilitafsiri ile pole tu, lakini mama alijua Kiswahili cha kutosha. Alinigeukia akaniuliza kwa lugha yetu, "Hakumeza?"

Watu walikuwa wamesimama na vikombe vya chai mkononi, ile chai ya matanga inayochemshwa kwenye masufuria makubwa. Wote walikuwa wananingoja.

"Daktari ndiye anajua," nikasema.

Nilimwacha mama na hilo. Alimlea yule mtoto, na alimpenda, lakini alimkasirikia marehemu mpaka siku zake za mwisho. Alisema alikuwa mkaidi tangu utotoni, alisema alipewa dawa bure mkononi akaitupa. Alisema hivyo akisuka nywele za mtoto, mtoto akisikia. Mimi nilikuwa nakuja wakati wa likizo, kwa sababu nilikwenda chuo nikawa mwalimu wa sayansi. Ndiyo, cheka. Kila mwaka nimesimama ubaoni kuwaambia watoto wa watu kwamba chai huzuia madini ya chuma, nikiwaandikia kwa chaki nyeupe. Mama nilimzika bila kumwambia.

Utafiti uliisha mwaka uliofuata. Sikuonyeshwa ripoti, lakini nilijua rejista yetu ilikuwa na H nyingi, na nimejiuliza mara nyingi ngapi kati ya hizo zilikuwa za wanawake waliocheka pamoja nami kwenye banda, wakaenda nyumbani wakameza na chai kwa uaminifu.

Juzi yule msichana alikuja kunitembelea. Sasa ni mama mtarajiwa, ana mimba ya miezi mitano, na ana uso wa dada yangu mpaka wakati mwingine nashindwa kumwangalia. Nilimmiminia chai bila kumuuliza, kama kawaida. Akatoa kwenye pochi pakiti ya tembe za kliniki, akasukuma moja nje, akainua kile kikombe.

Nilimpokonya. Chai ilinimwagikia mkononi, sikusikia moto. Alishtuka akauliza nina nini. Nikamletea glasi ya maji, nikaketi, nikamwambia. Nilimwambia mambo ya mkebe na pazia, chai ya maziwa, choo cheusi, ile herufi, lori, na jinsi nilivyomjibu bibi yake mbele ya watu. Sikujitetea. Nilingoja anitukane, na nilitaka anitukane.

Tembe ilikuwa kwenye kiganja chake, imeanza kumtia rangi. Mkono mwingine aliuweka tumboni.

"Auntie," akasema, "mimi miaka hii yote nilijua alikataa dawa kwa sababu hakunitaka."

Sikuwa nimewahi kufikiria hilo. Nilikuwa nimehesabu makosa yangu yote, nikidhani nayajua, na hilo kubwa kuliko yote lilikuwa limekua mbele yangu, nalinunulia viatu vya shule.

"Alikutaka," nikamwambia. "Alitapika akameza tena. Alimeza zote."

Alichukua glasi ya maji, akameza yake.