Kelele ya Mashine Mdomoni Mwangu

Shule niliacha darasa la pili, kwa hivyo mkiona maneno yangu yanazunguka kama ng'ombe anayetafuta kivuli, nivumilieni, yatafika. Nataka kusema juu ya kicheko. Sio kile cha harusi. Ni kile changu cha kituo cha majani chai, ambacho hata leo nikikikumbuka natazama chini.

Wa upande wetu wa Sotik wanajua kituo kilivyo. Kibanda cha mabati, meza ndefu ya kumwagia majani, mzani unaoning'inia, na foleni ya watu na magunia yao wakingoja lori la kiwanda. Karani ndiye mfalme. Akisema majani yako ni mabaya, unachambua upya, na lori likiondoka kabla hujamaliza, unarudi nayo nyumbani yakuozee. Karani wetu ni kijana wa umri wa wajukuu zangu. Mamake namfahamu, mwanamke mpole sana, alikuwa akiuza maziwa Kaplong karibu na hospitali, na magoti yangu yalipoanza kuuma ni yeye alinionyesha mlango wa daktari. Lakini hayo si ya leo.

Vidole vyangu vimekuwa vigumu. Chai inataka majani mawili na chipukizi, na mimi siku nyingine nachuma na la tatu, na kijiti juu yake. Sikatai. Basi siku moja karani akakiinua kijiti kutoka gunia langu, akakionyesha foleni yote.

"Huyu hachumi, anafyeka! Huyu ni Gogo Mashine!"

Gogo ni nyanya, kwa Kikipsigis. Mashine ni zile zilizoletwa kukata chai kwenye mashamba makubwa ya Kericho, watu wakapoteza kazi. Foleni ikacheka. Na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka kuwashinda wote.

Afadhali ningeishia hapo. Kesho yake akasema, "Gogo Mashine, hebu washa injini tusikie." Nikafanya mdomo: brrrrr. Mwanamke mzima, kilemba kichwani! Kijana alicheka mpaka akashika nguzo, akapima majani yangu bila kuyatazama. Ikawa desturi. Nafika, nanguruma, napimiwa. Siku akiwa na hasira, nanguruma na bado anayamwaga, nami nainama kuchambua huku nacheka. Nilijiambia ni mzaha tu, mzaha hauvunji mfupa.

Mjukuu wangu wa kike, ambaye naishi naye, alikuwa akinisaidia kubeba gunia. Alisimama kando ya meza akiona yote. Sikuwahi kujiuliza anaona nini.

Muhula huu mwalimu wake akaniita. Nikamkuta mtoto ofisini, sweta yake imekatwa mkono kwa makasi, kutoka kiwiko. Sweta niliyoinunua mpya, si ya mtumba, na yule mwenye duka alikataa kupunguza hata shilingi, ana moyo wa jiwe yule. Mwalimu ni mama mmoja kutoka upande wa kati, mwenye sauti ya upole.

"Shosho," akaniambia, kwao ndiyo gogo, "kuna wasichana darasani wanamwita Moshi, kwa sababu nguo zake zinanuka moshi wa jikoni. Wanamwambia akohoe, anakohoa, darasa zima linacheka. Sasa wamefika kwa sweta. Nikimuuliza ni nani, anacheka tu. Anasema ni mchezo. Nitamkanya nani?"

Mtoto alikuwa amesimama pale, mkono wazi, anatabasamu. Nilitamani kumzaba kofi.

Njiani nikamfokea. "Wewe una akili kweli? Wanakukatia nguo, unawakenulia meno?"

"Nikinuna wataongeza, gogo."

"Nani alikufundisha huo upumbavu?"

Alipiga jiwe teke, likaingia mtaroni. "Si hata wewe hufanya brrr."

Jamani. Nilijifanya nafunga kilemba, nikatangulia mbele asione uso wangu.

Jioni hiyo tulipofika kituoni karani alitupokea kama kawaida. "Songeni, mashine imefika! Gogo, washa!"

Nikalitua gunia kando ya mzani.

"Ama mafuta imeisha?" Foleni ikacheka.

"Mimi si mashine," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Nipimie majani yangu, mtoto wangu."

Akanitazama kama nimemtukania mamake. Akamwaga gunia lote mezani. "Leo gogo ana madharau. Chambua. Moja moja."

Nikachambua. Mjukuu wangu naye akaingiza mikono. Hakuna mwingine aliyetusaidia, nisiwadanganye. Kutocheka kulikuwa kazi kubwa kuliko kuchambua. Uso ulikuwa umezoea, midomo inajivuta yenyewe. Lori likaja, likapakia, likaenda.

Tukiwa tunafunga gunia, jirani yetu mmoja akasogea, mzee kutoka upande wa ziwa, ambaye alichuma chai shamba kubwa hadi mashine zikaja zikamtoa. Nilidhani ananiletea pole.

"Mama, leo umenipumzisha," akasema. "Ile brrr yako, nilikuwa nikirudi nayo mpaka kwangu."

Akaenda zake. Ndipo nikakumbuka kwamba yeye hakuwahi kucheka. Aibu ikapanda juu ya aibu.

Asubuhi majani yalikuwa meusi, nikayamwaga shimoni. Kwa kamati ya kituo nimeenda, wamesema wataangalia. Wanaangalia bado. Siku nyingine karani ananipimia, siku nyingine anamwaga.

Lakini asubuhi hiyohiyo mtoto alikunywa chai yake, akavaa ile sweta ya mkono mmoja, akasema, "Gogo, twende wote."

Ofisini mwalimu akauliza tena, "Ni nani aliikata?" Mtoto akaanza kutabasamu. Kisha akanigeukia. Hakunitazama macho, alinitazama mdomo. Nikauacha umefungwa, ingawa ulikuwa unanicheza. Naye akaufunga wake, kisha akaanza kutaja majina.