Kigingi cha Kumi na Mbili

Ilianza Jumamosi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi. Nilikuwa nimetoka kuangalia saa kwenye simu ya baba, nikiomba muda ukimbie nirudi nyumbani Chemchem kabla sijasemeshwa na mtu.

Bwawani kwetu wavuvi wa ndoano ni vikundi viwili. Watu wa kambare ni wakulima, na mwenyekiti wao ni baba. Jioni wanachomeka vigingi kumi na viwili ukingoni, kila mtu kimoja. Kila kigingi kina mshipi wake mrefu wenye ndoano kubwa, chambo ni kipande cha sabuni ya mche, wanauacha majini mpaka asubuhi. Watu wa perege ni mafundi na wafanyabiashara wa mjini. Wanakuja wakishaswali alfajiri, na fimbo zao za mianzi, wanaingia majini mpaka kiunoni katikati ya matete. Mjomba wangu, fundi cherehani, yuko huko.

"Kambare wenu wanaoga kabla ya kuliwa," mjomba humtania baba.

"Na perege wenu mnawalisha pumba kama kuku, shemeji."

Zamani hawakutaniana, walikatiana mishipi. Ndipo wakapatana, wakaunda umoja: kila kigingi kikishang'olewa kinalazwa kwenye rundo karibu na kisiki. Vikitimia kumi na viwili, katibu anatundika kitambaa cheupe kwenye mti mkavu ulio pembeni. Kabla ya kitambaa, hakuna mguu majini. Katibu ni mimi, kwa sababu nasoma kidato cha tatu, na kwa sababu mzee wa watu wa perege alisema, "Huyu ana baba huku na mjomba kule, hatapendelea." Kama naweza kusimama mbele za watu, hakuna aliyeniuliza.

Katibu anatakiwa kuhesabu kwa mkono, aguse kigingi kimoja kimoja. Asubuhi ile watu wa perege walikuwa wamekaa palepale kwenye rundo, wamekunja suruali. Fundi baiskeli mmoja akapaza sauti, "Katibu huyo! Leo umetuletea sauti, au umeiacha nyumbani?" Wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya, lakini uso uliniwaka. Nikasimama mbali, kama hatua kumi, nikahesabu kwa macho. Kumi na viwili. Nikatundika kitambaa.

Mjomba aliingia wa kwanza. Hatua ya nne, ya tano, akapiga kelele "Mama!" na maji yakamfunika.

"Mamba!" mtu akasema, na wote wakakimbia kutoka ukingoni. Nami nilikimbia. Hilo naliandika hapa kwa sababu nisipoliandika nitajidanganya kwamba nilisimama. Baba alitokea vichakani na ufito mkononi, akajitupa majini, na fundi baiskeli akageuka akamfuata. Walimwinua mjomba akikohoa matope. Hapakuwa na mamba. Ilikuwa ndoano, imezama juu ya kifundo cha mguu, mshipi umekaza. Baba akaukata kwa kisu. Mkulima mmoja na muuza nguo mmoja wakampakia mjomba kwenye pikipiki, wakampeleka zahanati.

Nikatazama rundo tena, sasa kwa karibu. Vigingi kumi na kimoja. Cha kumi na mbili ilikuwa fimbo ya mwanzi ya mtu wa perege, imelazwa juu ya vigingi, ncha imeingia kwenye majani. Kigingi chenyewe kilikuwa bado kimesimama ndani ya matete. Ndoano ilikuwa imenasa kwenye mizizi, na baba alikuwa amekwenda kukata ufito wa kuinasua.

"Mshipi wa nani?" aliuliza mzee wa watu wa perege.

"Wangu," baba alisema.

"Na kitambaa kiko juu! Mmemtega binadamu!"

Baba alinitazama mara moja tu. Nikashusha macho kwenye kaunta buku ya umoja.

"Nilisahau," akasema. "Nilimwambia katibu vimetimia. Kosa ni langu."

"Andika," mzee akaniamuru. "Kesho asubuhi tunamalizana hapahapa. Mwenyekiti anayesahau ndoano majini hafai kutia ndoano kwenye bwawa hili. Na umoja ufe, kila mtu na upande wake."

Nikaandika. Mwandiko wangu mwenyewe.

Mchana sikuweza kula. Mjomba alirudi na bendeji, akalala mkekani kwetu. "Mama, ulivigusa vigingi?" aliniuliza taratibu.

"Nilivigusa, mjomba."

Uani baba alikuwa anakausha ndoano zake, anazifunga kwenye kitambaa moja moja, kama vitu vya marehemu. Nilipomkaribia alisema bila kuinua kichwa, "Nyamaza. Wakikusema wewe, hutatoka tena nje. Mimi watanisema, nitazoea." Angenichapa ningeogopa kidogo. Kwa upole ule niliogopa zaidi.

Jumapili asubuhi walikaa pande mbili, rundo la vigingi katikati. Mjomba aliletwa kwa pikipiki, mguu kaunyoosha.

"Shikamooni," nilisema.

"Marahaba. Soma, katibu."

Nilisoma mpaka pale penye "nilisahau". Sauti ikakatika. Nilimwona fundi baiskeli akifungua mdomo, halafu akaufunga.

"Hapa nimeandika uongo," nilisema. "Baba hakuniambia kitu. Sikuvigusa. Nilihesabu kwa mbali kwa sababu nawaogopa mkinicheka. Na kimoja kilikuwa fimbo."

Nilifunga kaunta buku.

"Jana ulinidanganya," mjomba alisema.

"Ndiyo, mjomba. Nisamehe."

Alinitazama, halafu akawageukia wenzake. "Na huyo aliyelaza fimbo kwenye vigingi ni nani?"

Fundi baiskeli akanyoosha mkono polepole, kama mwanafunzi. "Yangu. Nilijua tangu jana."

Mzee alikuna ndevu muda mrefu. "Shemeji yako arudishe ndoano zake majini," alimwambia mjomba mwishowe. Kisha akanigeukia. "Na wewe, leo utahesabu kwa macho au kwa mkono?"

"Kwa mkono."

"Basi hesabu, tusikie."

Nilipita katikati yao. Niligusa cha kwanza, kilikuwa na tope baridi. Moja. Mbili. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyecheka. Nilifika kumi na moja, nikasimama.

"Cha kumi na mbili?"

"Kiko nyumbani," baba alijibu. "Kikavu. Jana jioni sikukichomeka."

Nikaandika kumi na kimoja, na kimoja nyumbani. Kisha nikaenda kutundika kitambaa.