Jumapili za Mama wa Miwani

Enzi zetu televisheni ilikuwa ya mtaa mzima, hata kama aliyeinunua ni mmoja. Kwetu Nkuhungu ilikuwa kwa Bi Zuhura, muuza vitenge, na sebuleni kwake huingii bila kunawa miguu. Ndoo ilikaa mlangoni. Vumbi la Dodoma mnalijua; maji yale yaligeuka uji mwekundu kabla watoto wote hatujafika. Wakubwa walikaa kwenye makochi, sisi mkekani na karanga zetu za kukaanga, na mmoja alibaki nje kuzungusha mlingoti wa antena huku tukimpigia kelele, "Rudisha kidogo! Hapo hapo!" Leo kijana ana televisheni mfukoni, analala nayo, halafu anakwambia hana cha kuangalia.

Jumapili jioni kilikuwa kipindi cha mahojiano. Mgeni mmoja mkubwa kitini, waandishi watatu wamemkabili. Tulikuwa tumezoea redio ya waziri amesema, waziri amefungua, waziri ameonya. Sasa tunamwona waziri anaulizwa, na jasho linamtoka! Kati ya wale watatu tulimpenda mwanamke mmoja, tukamwita Mama wa Miwani. Hakuwa na makelele. Mgeni akizungukazunguka, alimwacha amalize, akavua miwani taratibu, akasema, "Mheshimiwa, hujanijibu." Hapo sebule nzima ililipuka. Baba yangu alijipiga goti kwa kiganja: "Huyo haachi kitu, huyo!"

Tukakifanya kipindi kile mchezo wetu. Debe lililopinduliwa ndicho kiti cha mgeni, bunzi la hindi kipaza sauti, na mimi nilivaa miwani ya waya. Sheria ilikuwa moja tu: ukikaa kwenye debe hunyanyuki mpaka umejibu. Tuliwahoji mashangazi waliotoka Zuzu kututembelea, tukamhoji mchungaji, tukamhoji hata kuku.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha umma cha kukamua mafuta. Ubinafsishaji ulipoingia, neno lenyewe tulilijua kabla hatujaweza kuliandika. Watu wenye tai walikuja kupima majengo, na baba akaanza kula kimya kimya. Baba mdogo alikuwa amemtafutia nafasi kwenye karakana moja Mbeya, ila ilitakiwa aende upesi. Baba akawa anasuasua. Ndipo ikatangazwa kwamba mgeni wa Jumapili ni mkubwa anayesimamia uuzaji wa mashirika.

Siku hiyo watu walijaa mpaka dirishani. Mama wa Miwani akauliza swali letu lile lile: "Na wafanyakazi wa viwanda hivi, watabaki?"

Yule bwana akatabasamu. "Hakuna mfanyakazi atakayetoka. Wananchi wasiwe na wasiwasi."

Tukasubiri miwani ivuliwe. Haikuvuliwa. Mama wa watu akageuza karatasi, akauliza habari za barabara.

Baba akashusha pumzi ndefu. "Ingekuwa uongo asingemwacha," alisema, na wazee wenzake wote wakaitikia. Ndivyo walivyoamini pale mtaani: jibu ambalo Mama wa Miwani hakulivulia miwani lilikuwa la kweli. Kesho yake baba akamwambia mdogo wake kwamba Mbeya haendi.

Kiwanda kilifungwa kabla ya mavuno. Mitambo aliyoilea ujana wake wote iling'olewa, ikapakiwa kwenye malori mbele ya macho yake. Ugali wa uwele na mlenda, chakula nilichokipenda kuliko vyote, ukawa wa mchana na jioni mpaka nikauchukia. Jioni moja baba alitukuta tunacheza. Akaja, akakaa mwenyewe kwenye debe, mikono magotini.

"Haya," akasema, "niulizeni."

Aliyeshika bunzi akalificha mgongoni. Nilivua miwani yangu ya waya, nikashindwa pa kuiweka. Alikaa pale mpaka mama akatoka kumwita, na mchezo ule hatukuucheza tena.

Kipindi bado kipo. Mama wa Miwani ameota mvi, wanamwita nguli, na wageni wake siku hizi ni wachekeshaji na wake zao. Wanangu hukata kipande ambamo mgeni amejikwaa ulimi, wakacheka, wakasambaziana, wakasahau. Wanasema mimi nina hasira na televisheni. Ninayo. Sisi angalau tulikuwa tunasubiri jibu.

Baba ninaishi naye Mkonze. Nyumba yangu ina vigae, lakini kila Jumapili jioni bado ananawa miguu kabla hajakaa mbele ya kipindi kile. Siku moja uvumilivu ulinishinda.

"Baba, yule bwana wa kuuza viwanda alishakufa. Hawawezi kumwita tena."

"Najua, mwanangu," akajibu bila kuondoa macho kwenye kioo. "Namsubiri huyo mama. Ipo siku na yeye atakaa kitini."