Tone la Asubuhi

Miaka yote ya kazi yake Omaira Malavé alirudi nyumbani na harufu ya zailini nyweleni, na wanawe wawili walikua wakidhani kila mama hunukia hivyo. Alikuwa fundi wa maabara kwenye visima vya mafuta vya Punta de Mata, na kazi yake, ukiivua majina makubwa, ilikuwa kuyeyusha lami. Mafuta ya huko hupanda pamoja na uchafu mzito mweusi unaojibandika ndani ya bomba, safu juu ya safu, hata kisima kikazibwa koo na tumbo lingali limejaa. Zailini, kiyeyusho kikali, huuyeyusha. Humiminwa ndani, kisima hufungwa kiloweke, kisha vali hufunguliwa na watu hunyamaza wakisikiliza.

Mwaka ule zailini ilikuwa imebaki kidogo, na nyingine haikutarajiwa. Watu nao walikuwa wamepungua. Mwanawe wa kwanza, Asdrúbal, alikuwa Chile. Kila Jumapili alipiga simu kwa sauti ya mtu anayejilazimisha kuchangamka, na alikwisha kumpatia dada yake chumba na kazi. Dada huyo, Nelimar, mhandisi wa kikosi cha visima, hakutaka kwenda. Lakini wakubwa walikuwa wameamua kwamba kisima cha mwisho cha kikosi kisipofunguka, kikosi kitavunjwa. Mama na binti walikubaliana mezani, arepa, mikate yao ya mahindi, zikipoa mbele yao: kikifunguka, Nelimar anabaki; kisipofunguka, anamfuata kaka yake.

Zailini iliyokuwepo haikufika hata nusu ya kiasi kilichohitajika. Chaurán, msimamizi wa kikosi, akapendekeza kilichopungua kijazwe kwa nafta, mafuta mepesi yaliyokuwa tele. Omaira alijua kwamba nafta haiyeyushi uchafu ule. Ikiwa kidogo, huvumilika. Ikizidi, huutenga uchafu na kiyeyusho, ukaanguka na kuganda upya. Hata hivyo alisaga kipande cha uchafu wa kisima kile, akakigawa katika chupa mbili za mchanganyiko, akazitikisa, akadondosha tone kwenye karatasi ya chujio. Doa likatanuka, kahawia tupu toka katikati hadi ukingoni. Uchafu ulikuwa umeyeyuka.

Chaurán aliingia bila kubisha hodi, kama kawaida yake.

“Bi Omaira, leo umetupikia nini?”

“Mchuzi. Haujaiva, kwa hiyo toa kidole.”

“Unanukia kuliko wa mke wangu.”

“Nitamfikishia salamu hizo.”

Chaurán alilitazama doa, akasema ni safi, wamimine kesho. Omaira angeweza kumwambia kwamba uchafu huu huanguka polepole na kwamba tone la mwanzo hudanganya. Alisema tu kwamba chupa zilale kwanza, kama desturi. Hakujua, na pengine hakutaka kujua, kama huo ulikuwa uangalifu wa kazi au woga wa kufurahi mapema.

Asubuhi alidondosha tone jingine. Katikati ya doa palikuwa na duara jeusi, zito kama mboni ya jicho. Alirudia kwa chupa ya pili. Mboni ileile ikamtazama.

Karatasi ya jana ilikuwa bado mezani, safi, na hakuna aliyekuwa ameingia. Angewaonyesha hiyo tu, wangemimina, wangefunga, wangesubiri. Kusubiri kungechukua majuma, labda hadi Krismasi na hallaca zake, unga wa mahindi na nyama ndani ya majani ya mgomba, na Nelimar angekuwepo kufunga majani hayo kwa uzi. Kisha kisima kingezibika moja kwa moja, na hata kama siku moja angepatikana mtu mwenye zailini ya kutosha, asingekuta cha kufungua.

Nelimar aliingia na kofia ya kazi mkononi. Hakuitazama meza.

“Mama, gari la pampu liko tayari. Niwaambie waanze?”

Omaira aliziinamia zile karatasi mbili.

“Usinijibu kama mama yangu,” Nelimar akasema taratibu. “Nijibu kama ningekuwa mhandisi mwingine yeyote.”

“Mhandisi mwingine yeyote ningeweza kumdanganya.”

Akamsogezea karatasi ya asubuhi. Nelimar aliisoma kama mama yake alivyomfundisha, akiielekeza dirishani, na hakuhitaji kuelezwa.

“Jana nilimwambia Asdrúbal asilipie kile chumba,” akasema. “Nilikuwa na hakika.”

“Mpigie.”

“Sasa hivi?”

“Kabla hakijachukuliwa, mwanangu.”

Nelimar alitoka nje kupiga simu, akawaambia na watu wa pampu waondoke. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, na Omaira, asijue mikono yake aipe kazi gani, alikuwa ameanza kuosha chupa. Binti akachukua kitambaa. Waliziosha zote, hata zile zilizokuwa safi, moja baada ya nyingine, bila haraka, ingawa hapakuwa tena na jaribio lililozisubiri.