Mfumaji Havuliwi Nguo

Jua limeshafika dirishani, na Mama Subiri bado amechuchumaa mbele ya kitanda cha kufumia, kamera ameifunika kwa mtandio mapajani. Hapigi. Anaitazama mikono ya mzee mfumaji ikivusha uzi kulia, ikiurudisha kushoto.

"Piga basi, mwanangu," anasema mzee bila kuinua kichwa. "Mimi si bibi arusi, nisubiriwe."

"Mwanga bado, baba. Subiri."

Neno hilo ndilo lililompa jina la utani. Huko mjini ana studio ya chumba kimoja, stuli moja na pazia la buluu, anapiga picha za vitambulisho. Kinachopatikana kinalisha nyumba. Kinachobaki kinampandisha milimani, kwenye vijiji ambako barabara imekata tamaa, kuwapiga picha wafinyanzi, wasusi na wafumaji wasio na wa kuwarithi. Safari moja humeza mapato ya mwezi mzima.

Alianza alipomzika mama yake, aliyekuwa mfinyanzi.

"Nilibaki na picha yake ya kitambulisho," anasema. "Uso peke yake. Mikono hamna. Na mama yangu alikuwa mikono."

Leo amepanda na neno zito. Mchapishaji mmoja amekubali kuzitoa picha zake zote katika kitabu, kwa sharti moja: ya mfumaji huyu, aliyoipiga safari iliyopita, irudiwe. Mzee huvaa fulana ya mpira wa miguu, namba tisa mgongoni. Mchapishaji anataka aivue, akae kifua wazi, aonekane wa asili.

Angeweza kumwambia mzee kuna joto, avue kidogo. Hasemi hivyo. Anamweleza jambo kama lilivyo.

Mzee anasimamisha kazi. "Yaani nimewavika watu maisha yangu yote, halafu nikiitwa kuonyesha kazi yangu nije uchi?"

Mkewe, anayechambua pamba mlangoni, anadakia: "Kifua hicho mimi nakivumilia kwa sababu nilikula kiapo. Hao wasomaji wamekosa nini?"

Mzee anacheka mpaka anashika mbavu. Kisha kicheko kinamwisha.

"Lakini kitabu chako, mwanangu. Nikivua, utakipata?"

"Nitakipata."

Anashika pindo la fulana, anaanza kuipandisha.

"Ishushe, baba," anasema Mama Subiri. "Hiyo kakuletea nani?"

"Mkwe wangu."

"Basi imekuja kwa ukoo. Ni ya asili."

Anafunua kamera. Anapiga mbele, anapiga ubavuni, anazunguka mpaka nyuma. Akimaliza anatoka uani, mahali pekee simu inaposhika, anafungulia spika.

"Amevua?" anauliza mchapishaji.

"Amevaa. Na namba ya mgongoni inasomeka."

"Basi, mama, hatuna kitabu."

"Hamna nyinyi. Yeye ana nguo zake, mimi nina picha zangu."

Anakata simu. Kitabu hicho ndicho kingelipia safari za mbele. Riziki hupangwa na Mungu. Heshima ya mtu huwekwa rehani na binadamu, na mama huyu amekataa kuiweka.

Binti yake anayeshika studio anapiga kuuliza habari, naye anamwambia bila kuzunguka.

"Sasa nauli itatoka wapi, mama?"

"Sijui. Lakini ng'ambo ya bonde yuko bibi anayesokota uzi, na macho yake yamebaki robo. Nikingoja kitabu, nitapiga picha kaburi."

Mpango wake ni kuzisafisha picha kubwakubwa, azitundike kwenye kamba kijiji kwa kijiji, akianzia hapa. "Wajione wao kwanza. Wa mbali watafuata wakitaka, na wasipotaka wakae hukohuko."

Anarudi ndani, anafunga mkoba wa kamera, anauliza njia ya ng'ambo.

"Ni mbali, binti yangu," anasema mke wa mfumaji. "Na gari halifiki."

"Miguu si ya mchapishaji, mama," anajibu Mama Subiri, na tayari ameshavuka kizingiti.